Mkono wa Kuazima

Tajiri wa Nyevu hakuwa na imani na shahada. Alikuwa na kampuni ya kupitisha mizigo kule Mbaraki, na mwaka ule wa tisini na tatu kazi ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kila tangazo lake la kazi lilimalizikia hivi: andika kwa mkono wako mwenyewe. Barua zikishafika, karani wake Nyevu huzitia ndani ya bahasha akazipeleka Kibokoni kwa Maalim Shukri azisome. Si maneno, la. Mwandiko! Maalim alisema mkono haujui kuficha tabia ya mwenyewe.

Alhamisi moja, baada ya magharibi, Nyevu alipiga hodi kwa Maalim na barua kumi na moja. Moja ilikuwa ya Kazungu, mdogo wake aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ambaye sasa alichuuza mayai ya kuchemsha pale Feri. Kijana mwema jamani, ila mwandiko wake ni kuku aliyeparura mchanga! Nyevu alichelea mdogo wake asije akaitwa mzembe. Basi usiku wa kuamkia siku ile aliiandika barua yeye, kwa mkono wake uliotulia, na chini akatia jina la Kazungu. Dada gani asingefanya hivyo?

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Chumba kilinuka udi, na kitu kingine... kama nguo mbichi iliyosahauliwa. Maalim akafumba macho, akapitisha kidole juu ya mistari.

"Huyu mlevi." Krrr... ukucha ukakwaruza karatasi. "Huyu mpole, lakini mvivu." Krrr... "Huyu mwizi. Mwambieni hapana."

Ya Kazungu ilikuwa ya tisa.

Kidole kikasita.

"Huyu mwaminifu," alinong'ona. "Ana huruma. Kalea mtoto asiyemzaa."

Nyevu nusura apige kigelegele. Kisha Maalim akainusa karatasi, na uso ukamsawijika.

"Lakini hana siku. Hauoni usiku wa leo ukiisha... Namuona kwenye maji."

Baridi ilimpanda Nyevu kutoka nyayoni. Aliyetajwa ni yeye! Hata hivyo, Mungu ni shahidi, alipata ahueni kidogo. Afadhali yeye kuliko mtoto.

"Nisamehe, Maalim. Mkono huo ni wangu."

"Na jina?"

"La ndugu yangu."

Mzee akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa machozi.

"Masikini mwanangu! Umetia jina lake penye mkono wako. Yaliyokuwa yako yote umempa yeye. Mema, na mauti."

"Nipe niichane!"

"Haichaniki tena."

Nyevu alitoka mbio bila viatu, akasimamisha teksi. Alipofika Feri watu walikuwa wamejazana ukingoni, na mayai yametapakaa chini. Wengi walisema kijana aliteleza. Lakini Mirriam, muuza korosho aliyesimama karibu naye, aliapa kwamba hakuteleza.

Aliitwa.

Sauti ya kike ilitoka majini ikamtaja jina. Naye akatabasamu, akajibu, "Naam, dada," akaifuata.

Maiti ilipatikana Jumamosi. Jumatatu tajiri, aliyekwisha kuletewa barua na sifa alizozisoma Maalim, akauliza mbona kijana wake mpya hajaripoti kazini. Nyevu alilia tu mpaka wakamrudisha nyumbani.

Arobaini ilipopita alikwenda tena Kibokoni. Aliomba karatasi, akaandika jina lake mwenyewe, akamsogezea Maalim.

"Nisomee zangu. Nimebakisha siku ngapi?"

Alitamani aambiwe ni leo.

Kidole kikaenda. Kikaenda... Hakikusita hata mara moja.

"Zako alikwenda nazo," Maalim alinong'ona. "Hizi ni zake."

"Ngapi?"

Mzee akajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Nyingi, mwanangu. Utazeeka sana."