Mkaguzi Mkuu wa Chumvi

"Wazee wa Kigwa, mabibi na mabwana, nanyi kuku mliomo humu jikoni! Kwa heshima na taadhima, mimi Emilian, mwanafunzi wa bweni, kidato cha pili, natangaza kwamba kuanzia leo chumvi itapimwa kwa ncha ya kijiko. Mkaguzi Mkuu wa Chumvi ni mimi."

"Mkaguzi," alisema Bibi Advera bila kugeuka, "ndoo hizo hapo. Wahi bombani kabla foleni haijawa ndefu."

Ndivyo asubuhi zangu za likizo zilivyokuwa: kuchota maji, kufagia uwanja, kufungulia mbuzi. Lakini siku ile Bibi hakucheka kama kawaida yake. Jumapili iliyopita Babu Wenceslaus alishikwa na kizunguzungu kanisani, akaketi chini katikati ya wimbo. Kwenye zahanati walimkuta na presha ya juu sana. Nesi Consolatha alimpa vidonge vya kumeza kila siku, akamwagiza apunguze chumvi na mafuta, aache tumbaku, na atembee.

"Presha haiumi, mzee wangu," alimwambia. "Inakaa kimya mpaka siku ya kukuangusha."

Sote tuliijua siku hiyo. Jirani yetu, mzee Kasimiri, alipata kiharusi mwaka jana, na hadi leo binti yake humlisha uji.

Babu alitii kuliko nilivyotarajia. Kiko chake, rafiki yake tangu ujana, alimkabidhi Bibi akifungie sandukuni. Kila alfajiri alitembea kando ya reli mpaka stesheni na kurudi. Alikuwa akinigongea dirisha: "Mume mwenzangu, amka! Mke wetu hapendi wanaume wavivu." Huo ndio utani wa babu na mjukuu kwetu. Yeye huniita mume mwenzake, nami nina ruhusa ya kumficha kofia au kumwambia amezeeka, wala hakuna wa kukasirika.

Tatizo lilikuwa mboga. Nyumbani kwetu tunakula sahani moja, kwa hiyo chakula cha mgonjwa kilikuwa chakula cha wote. Bibi alijitahidi kwa nyanya, ndimu na karanga, lakini mlenda wenye chumvi kidogo ulipita kooni mwangu bila hata kubisha hodi. Nikakumbuka elimu kubwa niliyoipata bwenini. Kule kila mwanafunzi makini hubeba chumvi ya siri kwenye karatasi, kwa ajili ya maharage. Bibi alipotoka kuita watu waje kula, mimi nilifunua chungu, nikanyunyiza, nikakoroga.

"Leo mboga imekolea!" Babu alisema huku akilamba vidole. "Kumbe ndimu ni dawa."

Nilicheka moyoni. Nilijiambia kwamba huo nao ni utani tu. Kesho yake nikarudia, na siku zilizofuata pia.

Kisha tulikwenda kupima. Nesi Consolatha alifunga kile kitambaa mkononi mwa Babu, akapima, akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, haijashuka. Imepanda kidogo. Vidonge unameza?"

"Kila siku."

"Na chumvi je, Mama?"

"Ncha ya kijiko," Bibi alijibu. "Napika kwa mkono wangu."

Tulipofika nyumbani, Babu alikaa mlangoni akakunja mikono. "Nimeacha kiko. Nimetembea mpaka magoti yanalia. Kama bado inapanda, basi ndiyo majaliwa yangu. Nitapima mara moja tu tena. Isiposhuka, nirudishieni kiko changu, na vidonge wape kuku."

Bibi aliingia ndani, nikamsikia akilia. Niliona akilini mkono wa Babu ukining'inia kama wa mzee Kasimiri, na kijiko cha uji kikiwa mikononi mwangu.

Je, niliacha? Mkaguzi Mkuu alifikiri kwa kina, akafanya ujinga mwingine. Nilihofu kwamba nikiacha ghafla, mboga itabadilika ladha na watanigundua. Nikaamua kupunguza pole pole. Jioni ile niliinamia chungu na karatasi yangu.

"Kumbe ni wewe!"

Bibi alitokea nyuma ya mlango, mwiko mkononi. Alikuwa amejificha hapo amkamate Babu. Tangu tulipotoka zahanati alishuku kwamba mumewe ndiye anayeiba chumvi.

Nilingoja mwiko unishukie. Haukushuka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimwaga ile mboga yote, akabandika nyingine.

"Sitamwambia," alisema. "Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Nilishindwa. Kila alfajiri nilitembea na Babu kando ya reli, nikifungua mdomo na kuufunga. Yeye aliniuliza kama nimeanza kumeza nzi.

Siku ya kupima ilifika. Benchi la zahanati lilijaa watu. Nesi alipima, kisha akatabasamu. "Imeshuka, mzee! Haijafika pazuri kabisa, lakini imeshuka vizuri. Endelea hivi hivi na vidonge usiache. Mmebadilisha nini?"

"Muulize mkaguzi wangu huyu," Babu alisema kwa fahari, akinishika bega. "Mume mwenzangu ndiye aliyenilinda."

Bibi alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Babu," nilisema, na benchi zima likageuka kutazama, "ni mimi niliyekuwa natia chumvi. Kila siku, kwa siri. Bibi alinikamata ndipo nikaacha. Nilidhani ni utani."

Mkono wake ulitoka begani kwangu.

"Utani wetu ni wa maneno, Emilian," alisema taratibu. Hakuniita mume mwenzake. "Ukinificha kofia, jua litanichoma kidogo tu. Ukinificha kilichomo chunguni, umeniondolea nafasi ya kujilinda. Mimi nilikuwa napigana na presha, kumbe wewe umesimama upande wake. Mgonjwa haponi kwa juhudi zake peke yake. Anapona kwa ukweli wa wale anaokula nao."

Sikuwa na tangazo lolote la kutoa. Nilipiga magoti pale sakafuni, mbele ya watu wote.

"Nisamehe. Shikamoo, Babu."

Alinitazama muda mrefu, mrefu kuliko foleni yote ya zahanati, kabla ya kuitikia: "Marahaba."