Mwenye Hali Mbaya Kuliko Mimi

Asubuhi ile Neville Ogden alimimina chai kama kila siku: nusu kikombeni, nusu kwenye biskuti.

"Neville! Biskuti!" mkewe Maureen alipiga kelele.

"Samahani, mpenzi," Neville alisema. Alikuwa analiangalia jokofu.

Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwambia kwamba akipasuliwa ataona. Alingoja. Mjukuu wake wa kwanza, Imogen, akazaliwa, akaota meno. Babu yake hakuwahi kuuona uso wake sawasawa. Alikuwa akimpapasa pua tu na kusema, "Ni mzuri, eti?" Hilo lilimuuma kweli.

Simu ikalia. Jirani yao, Glenys Parfitt, alikuwa amekaa pale mezani, naye akasikia yote. Glenys ni muuguzi mstaafu. Siku hizi anajitolea kupita hospitalini kusikiliza wagonjwa wanasemaje.

"Mzee Ogden? Ni hospitali hapa. Ule upasuaji wa Alhamisi, utaona vibaya tukiuahirisha kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu. Wapo wenye hali mbaya kuliko mimi."

"Asante! Na huduma yetu unaionaje?"

"Safi kabisa. Sina la kulalamika."

Akakata simu na kuiweka juu ya siagi.

Glenys alishika kichwa. "Neville! Wamekuahirishia mara ngapi?"

"Kuhesabu si adabu."

"Kila mara!" Maureen alidakia. "Na kila mara anawashukuru! Juzi kawapelekea keki!"

"Ya limau," Neville alisema. "Waliipenda."

Ndivyo walivyo watu wa mtaa wetu. Hata wakikanyagwa na basi, wataliomba radhi basi. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Na mficha jicho je? Haoni mjukuu.

"Sasa nisikilize," Glenys alisema. "Mwezi jana nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya afya ya halmashauri. Mkubwa wa hospitali aliwaambia madiwani kwamba wagonjwa wa macho wanangoja kwa hiari yao."

"Halmashauri?" Maureen alishangaa. "Si wale wa mapipa ya taka?"

"Mapipa, barabara, na hili pia. Hospitali si yao, wala hawamwagizi daktari kazi. Lakini wana haki ya kuwaita wakubwa wa hospitali na kuwahoji mbele ya watu. Na mwananchi yeyote anaweza kwenda kuuliza swali. Unalipeleka siku chache kabla ya kikao, siku ikifika unapewa nafasi ya kusema."

"Kwa hiyo wataniharakishia jicho langu?"

"Hapana. La kwako mwenyewe tunalalamika hospitalini, leo hii, nitakusaidia. Kamati inaangalia yanayowapata wengi. Lakini itayajuaje kama nyote mnasema 'safi kabisa'?"

"Aa, sipendi kusumbua watu."

"Neville," Maureen alisema taratibu. "Imogen akianza shule, utamtambua kwa kumpapasa pua?"

Neno hilo lilimwingia Neville. "Haya, andika swali," akamwambia Glenys.

Siku ya kikao alivaa tai yake ya harusi. Mlangoni akagongana na kiango cha makoti.

"Samahani sana, bwana," akakiambia kile kiango. Akangoja kijibu. Kikanyamaza. "Watu wengine hawana adabu," akamnong'oneza Maureen.

Mwenyekiti wa kamati, diwani Rosalind Cheadle, aliyaona yote hayo.

Mkubwa wa hospitali alisimama kwanza. "Wagonjwa wetu wa macho wameridhika," alisema. "Tunawauliza, nao wanakubali kungoja."

"Mzee Ogden, swali lako," mwenyekiti alisema.

Neville alisimama. "Mheshimiwa, mimi sitaki kulalamika..."

Maureen akamfinya.

"Uwii! Nataka kulalamika! Nina mjukuu, sijauona uso wake. Kila wakinipigia nasema sawa, kwa sababu yupo mwenye hali mbaya kuliko mimi. Basi nauliza. Huyo mtu mmeshamtibu?"

Mwenyekiti akawageukia wazee waliokaa nyuma, wagonjwa wa macho walioletwa na Glenys. "Nani mwingine aliambiwa angoje upasuaji wa macho yake, akasema hewala?"

Mkono mmoja ukainuka kwa haya. Kisha mwingine. Kisha safu nzima.

"Mimi nilimpisha mwenye hali mbaya kuliko mimi," mama mmoja alisema.

"Na mimi."

"Mimi pia. Nikapeleka na kadi ya shukrani."

"Sasa huyo mwenye hali mbaya ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

Wakatazamana, wale walioweza kutazama. Kumbe! Walikuwa wakipishana wao kwa wao, na mlangoni hapiti mtu.

Mwenyekiti alimbana mkubwa wa hospitali mpaka akasema ukweli. Wauguzi wa upasuaji wa macho hawakutosha, kwa hiyo kila Alhamisi chumba kilifungwa. "Hatukuona haja ya haraka," alisema. "Hakuna aliyelalamika."

"Leo wamelalamika," mwenyekiti alisema. "Kikao kijacho utuletee mpango."

Akauleta, maana alijua ataulizwa tena, na wazee watakuwa wamekaa pale pale. Wauguzi wakapatikana. Chumba kikafunguliwa. Zamu ya Neville ikafika, na safari hii hakumpisha mtu.

Jicho la kwanza lilipofunguliwa, Maureen alimwekea Imogen mapajani. Neville alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka.

"Ana pua yangu," alisema. "Maskini mtoto."

Simu ikalia.

"Mzee Ogden? Ni hospitali hapa. Huduma yetu uliionaje?"

Neville akavuta pumzi. "Daktari, safi. Wauguzi, safi sana. Lakini chai yenu, mwanangu, ni maji ya kuoshea vyombo. Andika hivyo hivyo."

Maureen aliangua kicheko. Imogen naye akacheka, mdomo wazi, na babu yake akayaona meno yake.