Kiongezi cha Mfadhili

Walikutana Ngamiani, Tanga, kwenye banda la vipuri vya simu, Jumamosi watu wamebanana. Insiya alivaa rida, lile vazi la mabinti wa Kibohora, ya kijani yenye lesi, mkononi ameshika simu kuukuu.

"Hiyo dada, ipeleke makumbusho," kijana mmoja akamtania.

"Kwani wewe ndiye mlinzi wa huko?"

Kijana akacheka. Jina lake Yona, mtoto wa mkata mkonge wa Pongwe. Yeye na wenzake walikuwa wanaunda Mwambao, kivinjari cha intaneti kisicho na tajiri: yeyote anaweza kukikagua na kukirekebisha, na kinafunguka hata kwenye simu mbovu. Akamwekea palepale. Looh, na mapenzi yakaanza palepale!

Miezi ikapita kwenye simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nishibe vipi sijasikia sauti yako?"

Insiya akakitafsiri kivinjari chote kwa Kiswahili, akakiweka hata kwenye kompyuta ya duka la vitambaa la baba yake, Mzee Esmail, kwa akaunti ileile ya simu yake. Siri yao ilikuwa ndoa ya bomani, maana msikitini hawamtaki Mlutheri kama Yona, na yeye Insiya hakutaka kubatizwa. Baba akijua mapema, atampeleka kwa shangazi Mombasa, na basi tena.

Kisha pesa za kuendeshea Mwambao zikakatika. Akaja mfadhili mwenye suti ya kijivu na maneno matamu. Sharti lake moja tu: kivinjari kibebe kiongezi chake, kijiprogramu cha kupachikwa, ati cha kuwasaidia wanunuzi.

"Yona, kinasoma kila ninachoandika!"

"Ni matangazo tu, mpenzi. Tukikataa, Mwambao kinakufa."

"Basi kife!" Akamkatia simu. Yona akakipachika hivyohivyo.

Wiki hiyohiyo kompyuta ya dukani ikaanza kuonyesha pete, magauni meupe, na wapiga picha wa ndoa za bomani. Mzee Esmail akavua miwani.

"Batul," akamwita mkewe kwa upole, "nani anaolewa humu ndani?"

Insiya alikuwa anakunja vitambaa. Baba hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha.

Kesho yake, alipopata habari za dukani, Yona akapiga simu. "Nimevunja mkataba. Kiongezi nimekitoa, toleo jipya liko tayari. Nisamehe, kipenzi changu. Nilitaka kuokoa kazi nikakuuza wewe."

"Nimekusamehe, mjinga wewe."

"Unioe basi."

"Mwanamume gani anaolewa? Haya, Jumatatu, bomani!"

Kwa furaha Insiya akamwandikia saa na mahali, humohumo kwenye Mwambao.

Jumatatu walifika wameshikana mikono. Mzee Esmail alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kanzu nyeupe, kofia yenye uzi wa dhahabu.

"Shikamoo, mzee," Yona akasema.

"Marahaba. Kompyuta imenikumbusha: gari la maharusi, bomani, Jumatatu saa tatu, bei nafuu."

Insiya akamgeukia Yona. "Si ulisema toleo jipya liko tayari?"

"Tayari kushushwa, mpenzi. Ulitakiwa ulishushe kwenye simu yako."

Kando ya benchi, mlango wa gari la Mzee Esmail ukafunguliwa. Ndani alikaa Batul, macho yamevimba, amepakata sanduku la binti yake la safari ya Mombasa.