Nani Aligusa Kabureta?

Kila siku baada ya masomo, mambo ya Kasi yalikuwa yaleyale. Alitupa mkoba kitandani, akavua sare, akaosha vyombo kwa haraka iliyomlazimu mama yake kuvirudia, kisha akatoka mbio kwenda uani. Jina lake halisi walilijua walimu tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Kasi, kwa sababu alijibu maswali kabla hayajaisha na alikula kabla chakula hakijapoa.

Kilichomkimbiza uani kilikuwa gari dogo la kuongozwa kwa rimoti. Msije mkadhani ni lile la betri la kuchezea sebuleni. Hili lilikuwa na injini ya kweli, ndogo ya kuenea kiganjani, iliyokunywa mafuta maalumu yenye harufu kali na kutoa kelele za kumwamsha jirani aliyelala mchana. Lilikuwa mali ya shangazi yake, mpimaji wa maabara hospitalini, ambaye mwisho wa wiki alishindana na wenzake kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kiwanda cha unga. Jumamosi iliyokuwa ikija zilipangwa mbio za watoto, na shangazi alikuwa ameahidi kwamba Kasi ndiye atakayeshika rimoti.

Kabla ya kusafiri kikazi, shangazi alimwonyesha Kasi kabureta, kidude kinachochanganya mafuta na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Ubavuni mwake palichomoza skrubu ndogo ya shaba.

"Hii tunaiita sindano," alisema. "Ukiikaza, mafuta yanapungua. Ukiilegeza, yanazidi. Mimi nimeshaiweka inavyotakiwa. Washa gari babu akiwepo, vaa glavu unapojaza mafuta, futa vumbi ukimaliza. Lakini sindano usiiguse. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi," alijibu Kasi kabla neno la mwisho halijatoka.

Siku ya kwanza gari lilikimbia vizuri. Siku ya pili Kasi aliona lingeweza kukimbia vizuri zaidi. Akachukua bisibisi, akaikaza sindano kidogo tu, kiasi ambacho hata mtu angeangalia asingekiona. Gari likachomoka hadi ukutani kabla hajawahi kulikatisha kona. Kasi akafurahi mno, akajiona fundi.

Kesho yake gari lilikohoa, likatoa moshi mzito, likatambaa. Kasi alishangaa. Akaikaza sindano tena, likachangamka. Siku iliyofuata likawa zito vilevile! Akakaza. Mara likaanza na kituko kipya: kila alipopunguza mwendo, lilizima. Akavuta kamba ya kuliwashia mpaka vidole vikamuuma.

"Hili gari lina wazimu!" alifoka.

Babu yake, dereva mstaafu wa malori, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kivulini. Alitikisa kichwa. "Injini za siku hizi hazina adabu," alisema, kisha akajifunika uso kwa gazeti.

Jioni hiyo shangazi akapiga simu. Kasi alimweleza kwamba gari lilikuwa likisumbua, mara zito, mara jepesi, mara linazima lenyewe.

"Umeigusa sindano?" aliuliza shangazi.

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa Kasi wakati huohuo. Angekubali, basi rimoti angepewa binamu yake, yule anayejisifu hadi usingizini.

"Hapana, shangazi. Sijaigusa."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi itakuwa plagi," alisema shangazi. "Nitakuja na mpya."

Ijumaa mchana shangazi aliingia na begi lake la safari begani, hata kwake hajafika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Akabadilisha plagi, gari likakohoa palepale. Akasafisha chujio la hewa, wapi! Akafungua tangi la mafuta, akalikung'uta, akalifunga. Akauchomoa mpira wa mafuta, akaupuliza, akaurudisha. Jasho lilimtiririka na blauzi ya safari ikawa na alama nyeusi za vidole. Kasi alisimama pembeni akimpa vifaa kama muuguzi. Alijua kwamba shangazi alikuwa akitafuta kila mahali isipokuwa pale penyewe, na aliyemfukuza pale penyewe ni yeye.

"Wifi, njoo ule kwanza!" mama aliita kutoka jikoni.

"Sili mpaka nijue hili gari linataka nini kwangu!"

Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, shangazi alianza upya na kabureta yote, skrubu moja baada ya nyingine, na maajabu, gari likanguruma vizuri. Likazunguka uani bila kukohoa, likasimama bila kuzima. Shangazi akaliacha lipoe, akaingia ndani kunawa na kula.

Kasi alilitazama. Lilikuwa zuri, ndiyo, lakini kwa mbio za kesho? Akatoa bisibisi, akakaza kidogo tu. Kisha akaingia kumpelekea shangazi taulo, akakaa naye mezani, akamsimulia habari za shule ili asimuulize za gari.

Walipotoka na kuliwasha, gari lilijaa moshi, likatetemeka, likazima.

Hata Kasi alibaki mdomo wazi. Yeye alikuwa amekaza. Moshi wote ule ulitoka wapi?

Shangazi alikitupa chini kitambaa cha kufutia. "Haiwezekani! Sasa hivi lilikuwa zima! Plagi mpya, chujio safi, mpira safi, sindano haijaguswa na mtu. Limebaki moja tu: injini imepata ufa ndani. Na ufa hauna dawa." Alijikalia kwenye ngazi ya mlango, na sauti ikashuka. "Nimeiua mwenyewe. Nilikosea kuiweka kabla ya safari. Kesho nitawaambia tumejitoa. Unisamehe, mwanangu."

Kuombwa radhi ndiko kulikommaliza Kasi. Angegombezwa angevumilia.

"Shangazi, hukukosea wewe," alisema, na safari hii maneno yalitoka polepole, moja moja. "Niliikaza sindano. Karibu kila siku. Na leo pia, ulipokuwa unanawa. Nilikudanganya kwenye simu."

Shangazi alikunja uso. "Lakini uliikaza. Gari lililokazwa halitoi moshi huu. Huu ni wa sindano iliyolegezwa."

Kivulini, gazeti lilisogea. Babu alikohoa, akakohoa tena ingawa hakuwa na kikohozi.

"Baba?" aliita shangazi.

"Mimi niliona moshi umepungua," alisema babu, akiangalia juu. "Nimeendesha malori maisha yangu yote, injini yenye kiu naijua. Kila mara mtoto alipoingia ndani, nikawa nailegeza. Kidogo tu."

"Babu! Kumbe ni wewe!" Kasi aliruka.

"Na wewe ndiye unayekaza! Nami nikadhani inajikaza yenyewe, nikawa naongeza!"

"Subirini," alisema shangazi, akishika kichwa. "Hata hivyo, sindano haiwezi kulifanya lizime kila linapopunguza mwendo. Hiyo ni skrubu nyingine kabisa, ile ya chini."

Mlangoni mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alipoona macho yote yamemgeukia, aligeuka kurudi jikoni, halafu akaona aibu.

"Wifi, kichwa kilikuwa kinaniuma," alisema. "Nilijaribu kukizungusha kile kidude cha chini, nikasikia kelele zimepungua. Basi kila nikipita kuanika nguo, nakizungusha. Kidogo tu."

"Kidogo tu!" Shangazi alipiga makofi. "Nyumba nzima kidogo tu! Mtoto anakaza, baba analegeza, wifi ananinyongea injini, na mimi nahangaika na plagi!"

Babu ndiye aliyeanza kucheka. Mama akafuata. Shangazi alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Lakini alipomaliza, alimvuta Kasi karibu, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Nikuambie la kazini kwangu. Mgonjwa anaambiwa aje bila kula. Njiani anakunywa chai ya sukari, nikimuuliza anasema hajaonja kitu. Napima, sukari iko juu. Daktari anaweza kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, kwa sababu ya chai moja aliyoificha. Uongo wako ndio ulionipeleka kwenye plagi, kwenye tangi, mpaka nikaihukumu injini nzima. Kugusa ni kosa, nalo lina adhabu: wiki nzima utaosha gari bila kuliendesha, kuanzia Jumapili. Lakini kuficha ulichogusa ndiko kulikotaka kuniulia hili gari. Na nyie wakubwa, msicheke, yanawahusu."

Babu na mama waliamriwa kuweka mikono nyuma, nao wakaiweka kama wanafunzi. Shangazi akaanza tena. Alizungusha kidogo, akaendesha, akasikiliza, akatazama moshi. Akadondosha tone la maji juu ya injini. Likachemka taratibu badala ya kukauka papo hapo. "Joto limekubali," alisema, akaitia bisibisi mfukoni mwake.

Jumamosi uwanja wa kiwanda ulijaa watoto na kelele. Kasi aliendesha vizuri kuliko alivyotarajia, akafika nafasi ya pili, akaanza kumnyemelea wa kwanza. Ndipo aliposikia sauti ya injini ikipanda, nyembamba, na kuona moshi ukipotea. Ilikuwa ikipungukiwa mafuta. Ilibaki mizunguko michache tu, na pengine ingestahimili, pengine isingestahimili. Baada ya mahangaiko yote yale! Akaligeuza gari, akalitoa pembeni miguuni pa shangazi, huku wenzake wakimpita mmoja mmoja.

"Umeigusa sindano?" aliuliza shangazi akiinama.

"Sijaigusa, shangazi."

Kasi alingoja aulizwe kama ana hakika. Hakuulizwa. Shangazi hata hakuitazama sindano. Alipitisha kidole moja kwa moja kwenye mpira wa mafuta, akakuta ncha yake imeanza kuchomoka, akaisukuma mahali pake. "Nenda," alisema.

Kasi alimaliza karibu na mkiani. Alirudi na rimoti mkononi, amenuna, machozi yakimlengalenga.

"Ningekuwa wa pili," alisema.

"Ungekuwa, ndiyo, na injini ingeweza kuungua," alijibu shangazi. "Lakini umeona nilivyoupata ule mpira upesi? Jana nilitafuta hadi jioni kwa sababu neno lako lilikuwa la uongo. Leo umeniambia hujagusa, nami sikupoteza hata dakika kuhakikisha. Mtu akiaminika, kazi ya wote inakuwa nyepesi. Lilinde neno lako, Kasi. Hilo likiharibika, mimi sina bisibisi yake."

Kasi alifungua mdomo kujibu upesi, kama kawaida yake, akaufunga. Akaichukua glavu, akaivaa, akachuchumaa kando ya shangazi wakaanza kulifuta gari.