Kitufe cha Manjano

Asubuhi, nyumbani kwa akina Chapuchapu, kisanduku cha babu ndicho kilichowaamkia watu wote. "Hamjambo humu ndani? Chai iko wapi?" kilisema kwa sauti kavu, na mama akacheka jikoni kama mtu anayeusikia utani huo kwa mara ya kwanza. Babu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo. Akapona, lakini sauti haikurudi, na mikono yake ilitetemeka hata kalamu haikushikika. Basi alibonyeza vitufe vya rangi, na kisanduku kikasema kwa niaba yake.

Jina la Chapuchapu alilitoa babu huyo huyo, kwa vile mjukuu wake alikuwa mwepesi wa kila jambo. Alifagia chumba kufumba na kufumbua, na vumbi lote ukalikuta chini ya kitanda.

Dada yake mkubwa ndiye aliyetengeneza mifumo ya visanduku hivyo, yaani maagizo yanayokieleza kisanduku kiseme nini na kwa sauti gani. Wagonjwa wengi walimtegemea. Visanduku vilikuwa vya aina mbili, vya zamani na vipya, na chipu zake, yaani bongo zake za ndani, hazikuelewana kabisa. Mfumo wa kimoja haukufaa kitu kwa kingine. Mifumo yote aliitengeneza kwenye kompyuta yake kubwa, ambayo nayo ilikuwa ya aina yake peke yake.

"Mimi ni kama fundi cherehani," alipenda kusema. "Nashona nguo nisiyoweza kuivaa. Mwenyewe asipoijaribu, nitajuaje kama imemkaa?"

Ndiyo maana kwenye rafu ya chumba cha mbele, alimofanyia kazi, aliweka kisanduku kimoja cha kila aina. Mfumo uliandikwa kwenye kadi ndogo ya kuchomekwa kisandukuni, na hakuna kadi iliyotoka chumba kile bila kujaribiwa, na siku zisizo za shule kazi ya kujaribu ilikuwa ya Chapuchapu.

Kisanduku cha babu kilikuwa cha zamani, na kitufe chake cha manjano hakikuwa na neno lolote. Siku moja Chapuchapu alimuuliza anataka kiseme nini. Babu akamnyooshea kidole yeye, kisha akakipapasa kigoda kilichokuwa kando ya kitanda. Wakaelewana. Kingesema, "Mjukuu wangu, njoo tukae." Mama wasimwambie, aje asikie mwenyewe.

Jumamosi dada akaichukua kadi ya babu, akafuta mfumo wa zamani, akaandika mpya wenye maneno ya kitufe cha manjano, akampa mdogo wake aijaribu. Sasa vile visanduku vya zamani huchelewa kuamka. Unawasha, taa ya kijani inawaka, halafu unakaa unangoja. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba na zamu yake ilikuwa imefika. Chapuchapu aliiona taa ya kijani, akazima.

"Kimesema?" dada aliuliza, macho yakiwa kwenye kazi.

"Kimesema vyote," alijibu, na mguu mmoja ulikuwa tayari mlangoni.

Kadi ikarudishwa kwa babu. Taa ikawaka, babu akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya.

Dada hakuwa na shaka na kadi, maana mdogo wake alikuwa amemhakikishia. Akaona tatizo ni kisanduku chenyewe. Akakifungua, akabadilisha spika, akapima nyaya, akaenda kuazima betri. Jumapili akaanza upya, macho mekundu. Chapuchapu alimwona akihangaika. Alitaka kusema, lakini kila akimkaribia aligeuka akatoka nje. Akaona haya hata kumtazama babu usoni, akawa anakikwepa chumba chake. Babu naye akashikwa na homa, ikazidi. Daktari alikuja, akamwita mama pembeni, na mama akarudi amefuta machozi.

Mchana mama akatoka chumbani na bakuli la supu ambayo haijaguswa.

"Sijui baba anataka nini," alisema. "Tangu jana anabonyeza kile cha manjano tu. Namwambia hakisemi, naye anabonyeza."

Chapuchapu alijua babu anamwita yeye. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mbele.

"Dada, sikungoja kiseme. Niliona taa nikazima. Nilikudanganya."

Dada akaiweka chini bisibisi. Hakugomba. Alirudi kwenye kompyuta na hakukawia kuona: programu ya sauti alikuwa ameitengeneza kwa chipu mpya. Kwenye kisanduku cha zamani ilikuwa bubu.

"Hili kosa ni langu," alisema polepole. "Naitengeneza upya, itachukua alasiri nzima. Wewe nenda ukakae na babu."

Alikaa kwenye kigoda, akamweleza babu yote huku akilia.  Babu akaweka kidole chake kinachotetemeka juu ya mkono wa mjukuu, akaubonyeza kama kitufe.

"Nimekuja, babu," alisema Chapuchapu.

Jioni kadi ikawa tayari, na kwenye kisanduku cha rafuni ikasema maneno yote. Lakini babu alikuwa amelala, vidole havina nguvu tena. Alfajiri akafariki. Kitufe cha manjano hakuwahi kukisikia.

Baada ya mazishi nyumba ilikuwa na ukimya wa kuumiza. Siku moja Chapuchapu akamuuliza dada yake kama ni yeye aliyemuua babu.

"Hapana, mdogo wangu. Babu alikuwa mgonjwa, usijibebeshe hilo," dada alisema, akamkumbatia. "Mimi nilikosea, na kosa langu lilitengenezeka kwa alasiri moja. Haraka yako nayo ingetengenezeka. Lakini nilikuamini, nikaenda kutafuta pasipo na kitu, na babu huku anakuita. Siku zile hakuna wa kuturudishia. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kumfaa."

Kisha akampa kadi ya mgonjwa mwingine. Chapuchapu akaitia kwenye kisanduku cha zamani, akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Nje wenzake walikuwa wanamwita.

"Kimesema?" dada aliuliza.

"Bado," alijibu Chapuchapu, akavuta kigoda cha babu, akakaa.