Koplo Jiwe Akataa Kumhoji Mama wa Mhunze

"Koplo Jiwe, mhoji huyo mama! Unangoja nini?"

Ni Boaz huyo, mwendesha mchezo. Sauti yake ilitoka kwenye simu ya Juliana, kibandani Kalangalala anapouza mabuti na tochi za wachimbaji. Jumapili mchana, kundi zima lilikuwa hewani likicheza upelelezi. Kesi ya leo: tajiri mwenye duara, shimo la dhahabu, kauawa, na mshukiwa ni mkewe. Mpelelezi lazima amhoji kwa sauti yake mwenyewe mpaka aipate sababu ya kuua. Bila sababu hakuna kesi.

Mke wa tajiri alichezwa na mgeni, aliyejitambulisha mapema:

"Naitwa Lusia, Mama Agnetha, niko Mhunze. Niulizeni tu wanangu, siogopi mtu!"

Na Koplo Jiwe ni nani? Ni Maduhu, mchimbaji, mchumba wa Juliana. Alikuwa kwao Samuye, akimuuguza mama yake, ndivyo alivyosema. Jumamosi inayokuja alikuwa atume washenga kwa baba yake Juliana, na wajomba walikwishaitwa.

Badala ya swali, ujumbe wa Maduhu ukaingia kwa Juliana pembeni:

"Mpenzi, mhoji wewe. Muulize alikuwa wapi wakati mumewe anauawa."

"Mhoji mwenyewe. Una nini leo?"

"Mtandao."

"Mtandao unaleta ujumbe, sauti hauleti?"

"Juliana, yule mama siwezi kusemezana naye. Haifai."

Juliana akalitazama hilo neno. Haifai? Mtu huyuhuyu juzi mchezoni alimbana bibi mmoja hadi bibi akalia, kundi likacheka! Akampigia.

"Haifai kivipi?"

"Mtu mzima yule. Heshima tu."

"Na mimi Msukuma, Maduhu. Mama ambaye mwanamume wa kwetu hathubutu kusemezana naye, akimwona njiani anachepuka porini, namjua ni yupi."

"Acha ujinga! Mchezo huu!"

"Ni mkweo?"

Simu ikakatwa.

Kuna mteja alikuwa amesimama anajaribisha buti. Juliana akamwambia arudi kesho, na alivyomtazama, yule bwana hakuuliza mara mbili. Namba ya Mama Lusia ilikuwa kwenye kundi. Akaipiga.

"Shikamoo, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Unanihoji pembeni? Hiyo rushwa!" Mama akacheka.

"Swali moja tu. Unamfahamu Maduhu wa Samuye?"

"Si mkwe wangu! Kamwoa Agnetha wangu mwezi wa nane, kwa ng'ombe na kanisani. Wewe unamjuaje?"

"Mayu, ndiye Koplo Jiwe. Jumamosi anatuma washenga kwetu. Anataka kunioa mimi."

Mama Lusia hakucheka tena.

"Rudi kwenye kundi," akasema. "Na mimi narudi."

Juliana akafungua sauti.

"Boaz, kesi ya tajiri ikae kwanza. Nina mshukiwa mwingine. Maduhu, nakuona uko hewani. Una mke Samuye. Haya, waambie watu mimi ulikuwa unanitakia nini!"

"Juliana, tuongee pembeni."

"Hapahapa!"

"Sasa unanidhalilisha kwa lipi? Yule ni wa nyumbani, anamtunza mama! Wewe ni wa huku mgodini. Kila mtu na sehemu yake. Shida iko wapi?"

Kundi zima lilisikia.

"Mmeisikia sababu?" Juliana alisema. "Mmoja amtunzie mama, mwingine amfulie matope ya duarani. Hutafuti mke wewe, unatafuta vibarua! Na vibarua hata chai wanapewa!"

"Maduhu."

Ilikuwa sauti ya Mama Lusia, ya chini kabisa.

"Umemtukana mwanangu nasikia kwa masikio yangu. Basi ukwe umeisha. Njoo uswage ng'ombe wako. Agnetha nitamfuata mwenyewe kesho asubuhi. Sasa mimi kwako ni mtu baki. Haya, nihoji!"

Maduhu akajitoa kwenye kundi bila kuaga.

Juliana hakungoja maneno ya pole. Alimpigia baba yake.

"Baba, wajomba wasije. Yule kijana ana mke."

Mzee alivuta pumzi.

"Mbona unanivua nguo? Watu nitawaambia nini?"

"Waambie binti yako amekataa. Usiseme ameachwa, baba, wala usiseme amedanganywa. Sema amekataa."

Mzee akakohoa.

"Sawa, mama. Umekataa."

Juliana akaweka simu kaunta, akaanza kuyapanga mabuti upya, huku analia na kutukana.