Ukuta Uliomeguka Wakati wa Baridi

Maneno yalianzia bombani: nyumba ya mshonaji imerogwa, ukuta wake unamegukameguka wenyewe. Mshonaji alicheka mbele za watu. Moyoni hakucheka. Kila asubuhi ya baridi, binti yake mdogo alikaa chini ya ukuta huohuo akiota jua.

Siku moja kipande cha tofali kama ngumi kilianguka karibu na kichwa cha mtoto. Mama alimnyakua, akapiga simu kwa wifi yake, mchoma matofali.

"Wifi, nimerogwa!"

Wifi alifika, akatazama juu.

"Mchawi wako namuona. Lile gata la paani, mfereji wa maji ya mvua, linavuja, linalowesha ukuta."

"Lakini nimepaka rangi ya mafuta mara mbili, maji yasiingie!"

"Umeyafungia ndani, tena kwa komeo!"

Wifi aliokota kile kipande.

"Tofali lina vitundu vikubwa na vidogo. Vingine huvioni hata ukivaa miwani ya bibi. Baridi ikizidi, maji ya vitundu vikubwa huganda kwanza. Ya vile vidogo kabisa yamebanwa mno, barafu haipati nafasi ya kujijenga. Yanabaki maji, ingawa ndoo yako ya uani imeshaganda."

"Basi hayo si afadhali?"

"Afadhali wapi! Yanavutwa polepole kuelekea kwenye ile barafu. Barafu inanenepa, inasukuma, tofali linapasuka. Jua likitoka, barafu inayeyuka. Kipande kilichoshikwa nayo kinaanguka."

Mshonaji alitazama pale alipozoea kumkalisha mtoto.

"Nifanyeje, wifi?"

"Maji yakome. Ukuta ukauke. Hicho ndicho kisomo chote."

Gata lilizibwa siku ileile. Rangi ilikwanguliwa yote. Ukuta uliachwa msimu mzima wa joto, kisha ukapigwa lipu ya chokaa, ambayo hairuhusu unyevu kunasa ndani. Baridi iliporudi, ndoo ziliganda uani kama kawaida. Ukuta haukudondosha hata punje.

Mama mwenzangu, jihadhari:

Usiache gata livuje ukutani.

Usipake rangi ya mafuta juu ya tofali lenye unyevu.

Usizibe ufa kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Usiseme ukuta ni mzima kwa kuwa huoni barafu.

Na mtoto usimkalishe chini ya ukuta unaomeguka, hata kama hapo ndipo penye jua zuri.